Wasio na Meno Ndio Madereva

Nikimkumbuka Mama Mukubwa, kinachonijia kwanza ni visigino vyake. Mjini hapakuwa na namna nyingine ya kumwona. Mnatoka pamoja nyumbani Kabondo, mtaa wa mji ambao leo unaitwa Kisangani, kwenda sokoni, na kabla hamjafika kona ya kwanza yeye ameshatangulia, kitenge kimekazwa kiunoni, kandambili zinapiga chini, nawe unabaki nyuma ukitazama visigino vyake vilivyopasuka vikikuacha. Nilipoolewa katika nyumba ile nilidhani ananikimbia mimi, mke mgeni. Mume wangu alicheka sana.

"Hakimbie weye," akaniambia. "Anakimbia batu yote. Hata kivuli yake inachoka."

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama mkwe wangu, na ndiye aliyemlea mume wangu tangu utoto. Ndiyo maana akaitwa Mama Mukubwa, na jina hilo likamganda mpaka majirani waliomzidi umri nao wakawa wanamwita hivyo hivyo. Mambo ya babu zake, Waungwana walioteremka na mto enzi za misafara, watasimulia wengine. Mimi nilimkuta mtu, sikukuta nasaba, na mtu mwenyewe alinitosha.

Kila kitu alikifanya mbio. Alikaanga samaki kwenye moto ambao mwanamke mwingine angeogopa kuusogelea. Katika kununua aliutaja mwisho kwanza: "Nipe kwa bei ile utanipa nikiwa nimeshachoka kusumbuka." Kiswahili, Kilingala na Kifaransa alivichanganya katika pumzi moja, na Kifaransa chenyewe alikuwa na maneno machache tu, lakini aliyatupa kwa nguvu mpaka makarani wakanyamaza. Hata kusamehe alisamehe mbio. Ukimkosea asubuhi atakutukana mpaka majirani wakae juu ya viti kusikiliza, na adhuhuri atakuita ule naye kwenye sahani moja, na ukitaka kuomba radhi atakuuliza: "Radhi ya nini? Kula, samaki inapoa."

Mtu akimwambia haraka haraka haina baraka alikasirika kweli kweli. "Baraka ya nani? Ya majani ya pondu yako ile haijaiva tangu jana?"

Ajabu yake ndiyo hii: mtu huyu, siku ukoo unaposafiri pamoja, alikuwa anageuka mwingine kabisa. Hakutangulia tena. Alikuwa anakaa nyuma ya wote, mwendo wake kama wa bibi harusi, na ole wake atakayewapita walio mbele.

Ilikuwa sheria ya nyumba yao, na yeye ndiye aliyeishika kuliko wote. Walisema hivi: safari ya ukoo ina madereva wawili, mzee ambaye meno yamemwisha na mtoto ambaye meno hayajamwota. Hao ndio wanaosema twende na ndio wanaosema tusimame. Wenye meno kazi yao ni kubeba mizigo na kufunga mdomo. Dereva asiye na meno akisema nimechoka, haulizwi amechoka wapi wala kwa nini. Mnashuka. Mtoto mchanga hawezi kusema, basi analia, na kilio chake kinahesabiwa kuwa neno.

Kabla ya kila safari alitukusanya uani na kutukagua. "Fungua kinywa," akamwambia mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Koko, kama wazee wanavyoitwa kwetu. Koko alifungua kinywa chake kitupu akicheka, maana alijua hamna kitu cha kuonyesha. Halafu Mama Mukubwa alinawa mikono, akapitisha kidole kwenye fizi za mtoto mdogo kuliko wote. Akikuta jino limechomoza, alitangaza mbele ya watu kwamba huyu amenyang'anywa permis, leseni yake ya udereva. Kisha alisonga lituma, ndizi zilizochemshwa na kupondwa mpaka zikawa laini kabisa, akazipanga kwenye mabeseni na kufunika kwa majani. Lituma ilikuwa ya madereva kwanza. Wenye meno tulitafuna mkate mkavu tukiiangalia.

Aliyeumia zaidi na sheria hiyo ni Tonton, mdogo wake wa kiume, karani mwenye saa ya mkononi ambayo aliitazama hata msibani. Wawili hao walipendana na hawakuelewana hata siku moja. Alimwita Yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

"Yaya, tutachelewa!"

"Nani anatungojea?"

"Treni!"

"Treni haina mama? Itarudi kwa mama yake, na kesho itapita tena."

Niliwahi kuona sheria ile ikifanya kazi mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Ilikuwa wakati wa uasi uliofuata uhuru, siku zile mwishoni, ndege zilipoanza kuzunguka juu ya mji na bunduki zikalia upande wa uwanja wa ndege. Kabondo yote ilitoka mbio. Sisi tulitoka kukagua vinywa. Ninasema kweli: milio inasikika, na Mama Mukubwa amesimama uani akipitisha kidole katika kinywa cha Salima, binti yangu wa kwanza, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameshaota.

"Salima hana permis tena," akasema. "Shoferi ni Koko peke yake. Twende."

Tukashika barabara ya Banalia kwenda kwenye shamba la ukoo. Koko alikaa nyuma ya baiskeli, mume wangu akiisukuma, na kila alipoinua mkono tulisimama. Kwenye daraja la Tshopo Mama Mukubwa alifumba macho na kunishika begani mpaka tukavuka, maana madaraja aliyaogopa maisha yake yote na hakutaka yatajwe. Watu walitupita wakikimbia, magodoro kichwani, kuku mikononi. Tonton alikuwa karibu kulia. "Yaya, ulituchelewesha kule milimani, sasa unataka kutuchelewesha mpaka kaburini?" Neno lile la milimani nitalifikia.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Vijana wa uasi, majani kichwani na mikuki mikononi, walikuwa wamewakamata wale wote waliotupita wakikimbia, wamewakalisha chini mikono utosini. Kwao mtu anayekimbia ana sababu. Kijana mmoja akatujia.

"Munakimbia wapi?"

"Nani anakimbia?" Mama Mukubwa akamwuliza. "Unaona hii miguu inakimbia? Tafuta kiti, mama iko na choka."

"Hakuna kiti hapa."

"Kuko kiti. Ile mukubwa yako anakalia ni nini?"

Mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri cha mbao walichokitoa sijui nyumba ya nani. Alimtazama Mama Mukubwa, akamtazama Koko juu ya baiskeli, halafu akainuka. Sijui alimkumbuka nani. Koko akakaa, akanyoosha miguu, na kabla hatujajua la kufanya alikuwa amelala, kinywa wazi.

"Tumwamushe, Yaya," Tonton alinong'ona. "Tumwamushe tuende."

"Weye unaamusha shoferi?"

Tukangoja. Mama Mukubwa akafungua beseni na kuwagawia vijana wale lituma, akawauliza mama zao wako wapi, akamgombeza mmoja kwa kidonda alichokiacha bila kukisafisha. Koko alipoamka aliangalia mikuki na majani yote yale, akauliza kwa sauti ndogo: "Tumefika?" Vijana wakacheka. Wakafungua njia, na hata baadhi ya waliokaa chini waliruhusiwa kuinuka wakafuata nyuma yetu, taratibu, kama watu wa nyumba yetu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule siku ile, huku nikitamani kumpiga.

Lakini watu wa ukoo hawasimulii kizuizi. Wanasimulia safari ya ziwani, ya mwaka mmoja kabla ya hapo, na wanaisimulia kumlaumu.

Koko alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa mbali, Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, kando ya ziwa, ng'ambo ya milima. Waliachana wakiwa wasichana na hawakuonana tena. Uhuru ulipokuja kila mtu alisema sasa njia zitafunguka. Badala yake zikafungwa na vita vya Katanga. Zilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja alifika kutoka ziwani na neno: mdogo mtu ni mgonjwa, hainuki tena, anamtaka dada yake.

Koko alisema jambo moja tu. "Nimuone, na anione na huyu." Akamwekea mkono kichwani Salima, ambaye wakati huo alikuwa mchanga, ninamnyonyesha. Alitaka dada yake aone kizazi cha nne. Hivyo ndivyo nami nilivyoingia katika safari ile, mke wa juzi juzi, sijui pa kukaa wala pa kutazama.

Tulikuwa Koko, Mama Mukubwa, Tonton, mume wangu, mimi na mtoto. Tulivuka mto kwa kivuko mpaka ukingo wa kushoto, tukapanda treni ya Ubundu, mji tuliouita bado Ponthierville. Ndiyo treni inayozunguka maporomoko, msitu huku na huku mpaka unachoka kuona kijani. Ubundu, meli ilikuwa tayari bandarini. Koko alitazama miguu yake iliyovimba, akasema tulale. Tukalala, na meli ikaondoka. Tulipanda nyingine. Kindu tulifikia kwa jamaa, Koko akapenda kulala tena, na Tonton akatoka nje akaizunguka nyumba mara nyingi peke yake akiongea na saa yake. Tukapanda treni tena, na daraja la Kongolo Mama Mukubwa alilipita kichwa kimefunikwa kitenge. Hata hivyo tulikuwa tunakwenda, na kila kituo Koko aliuliza habari za ziwa, na waliotoka huko walisema yule bibi bado yupo, bado anangoja.

Baada ya Kabalo ndipo ilipoanza milima. Sisi ni watu wa mto na msitu. Kwetu ardhi imelala. Pale ilikuwa imesimama. Treni ilipunguza mwendo, ikawa inajisokota kando ya bonde, upande mmoja mwamba, upande mwingine maji yako chini kabisa. Baridi iliingia madirishani. Mama Mukubwa alimfunika Koko vitenge vyake vyote, akabaki na kimoja, akawa anatusimulia uongo kuhusu milima ili tusiogope, kwamba ni vichuguu tu ambavyo hakuna aliyevibomoa.

Salima alikuwa analia tangu alfajiri. Mimi nilisema ni meno, na mume wangu akasema ni meno. Hata Tonton, ambaye hakuwahi kumshika mtoto, alisema ni meno. Koko aliomba apewe mtoto, akamlaza kifuani, akaweka midomo yake utosini pake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha alimwita mkaguzi wa tiketi, akaongea naye kidogo. Nilifikiri anaomba maji. Akamwinamia Mama Mukubwa wakanong'onezana, na niliona uso wa Mama Mukubwa ukibadilika, nikadhani ni ile hofu yake ya madaraja.

Treni iliposimama kwenye kituo kidogo, nyumba chache chini ya mlima, Koko akasema kwa sauti wote tusikie:

"Mi nimechoka. Munishushe hapa."

Tonton aliruka. "Hapa? Hapa kuko nini? Koko, kesho asubuhi tunafika! Ndugu yako iko anakungojea!"

"Nimechoka."

"Yaya, sema neno! Treni ingine itakuja siku gani? Sema neno!"

Mama Mukubwa alikuwa anamtazama mama yake. Halafu alimtazama mtoto.

"Bon," akasema mwishowe. "Shoferi amesema. Mushushe mabeseni."

Tukashuka. Treni ikaenda zake, na tukabaki na mlima. Mke wa bwana stesheni alitupa chumba na kuni. Jioni ile ile mwili wa Salima ukawa moto wa kuunguza, macho yakageuka juu, akakakamaa mikononi mwangu. Nilipiga yowe. Nyuma ya stesheni kulikuwa na zahanati ndogo na mwuguzi mmoja, na Mama Mukubwa alikwenda kumwita. Hapo nilimwona tena yule wa mjini: visigino tu, vinapanda mlima gizani. Mwuguzi alikuja na sindano zake. Tulikesha. Asubuhi mtoto alinyonya.

Nilimshukuru Mungu kwa bahati yetu, kwamba Koko alichokea mahali penye mwuguzi. Tonton hakuona bahati. Kwake ilikuwa wazi: mtoto aliugua kwa sababu tulimshusha kwenye baridi. Na Koko, ambaye eti alikuwa hoi, alikula lituma vizuri, akawa anaota jua mbele ya stesheni na kumfundisha mke wa bwana stesheni nyimbo za zamani. Tonton alimtazama akatikisa kichwa. "Huyu ndio amechoka?"

Treni nyingine ilipokuja tulipanda, tukafika ziwani. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi, na tulijua kabla ya kuambiwa. Walikuwa wamemzika. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Koko hakulia mbele yetu. Alikaa chini kando ya kaburi, akaomba mtoto, akamweka magotini uso kuelekea udongo, kama mtu anayemwonyesha mgeni. "Ndugu yangu," akasema, "tumechelewa kidogo. Huyu ndiye." Mama Mukubwa alisimama nyuma yake, akawakinga jua kwa kitenge.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo ule ule.

Tangu hapo, hapakuwa na arusi wala msiba ambao Tonton hakusimulia ile aliyoiita safari ambayo haikufika. Alisimulia vizuri, nakubali, na watu walicheka mahali pa kucheka. Yaya alipaswa kukataa, alisema. Koko alikuwa mzee, mzee anaweza kusema lolote, mwenye akili ni yule anayeamua. Kwa ajili ya sheria ya fizi, ndugu wawili hawakuonana, na mtoto karibu afe. Koko alikufa baada ya uasi, taratibu, juu ya mkeka wake, na hata kwenye matanga yake hadithi ilisimuliwa.

Kilichonishangaza ni Mama Mukubwa. Mtu ambaye alimtukana mwuza chumvi kwa kijiko kimoja, hapo hakujitetea. Alicheka. "Ni kweli," alisema, "miye iko na miguu ya kinyonga." Yeye! Nilikasirika kwa niaba yake. Siku moja nilimwambia Tonton mbele ya watu kwamba ingekuwa heri angesimulia na ya kizuizi. Mama Mukubwa alinivuta kando, akanifinya mkono.

"Bokilo," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, mkwe, mpaka mwisho. "Acha. Hii mukokoteni naivuta mwenyewe. Haiko nzito."

Baadaye mume wangu alipata kazi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, tukahamia huko. Tulikuwa tukipanda mto kuja kumwona, lakini watoto waliongezeka na meli zikapungua. Mara ya mwisho nilikuja na Salima, ambaye alikuwa amemaliza shule, msichana mrefu mwenye kicheko cha baba yake. Mji ulikuwa umeshaitwa Kisangani. Kabondo ilikuwa ile ile.

Tulimkuta amekaa kitandani, miguu imenyooka mbele yake juu ya shuka. Haikumsikiliza tena. Nilikaa upande wa miguu, na kwa mazoea nikatazama visigino. Vilikuwa laini. Mipasuko yote ilikuwa imefungika kwa kutokutembea. Nilitazama pembeni ili asione machozi, lakini aliona.

"Usiangalie huko, Bokilo, huko hakuna kitu. Angalia huku." Akafungua kinywa. Hakikuwa na hata jino moja. "Nimepata permis."

Tulicheka mpaka Tonton akaja kutoka barazani. Naye alikuwa mzee, ameacha kazi, lakini saa ipo mkononi. Alimkumbatia Salima, akamtazama juu mpaka chini, na kama kawaida yake akaanza. "Weye unajua tulikupeleka ziwani? Mutoto kidogo hivi. Kama haikuwa Yaya, Koko angeona ndugu yake..." Akaendelea, na mlima, na baridi, na lituma, mpaka mwisho wake wa siku zote: "Voilà. Safari ile haikufika."

Nilingoja Mama Mukubwa acheke na kusema habari ya kinyonga. Hakucheka.

"Koko hakuwa na choka," akasema.

Tonton akamgeukia.

"Ndani ya treni alishika mutoto na midomo. Akaniambia, huyu iko moto, haiko moto ya meno. Huyu hatafika. Ni yeye aliuliza ile mutu ya tiketi stasio gani kuko dispensaire. Nikamwambia: mama, tukishuka, ndugu yako hutamukuta. Nilimwambia hivyo na mudomo yangu hii." Alipumzika kidogo. Maneno yalikuwa yanamtoka bila kingo, kwa sababu ya fizi tupu. "Akasema, miye na ndugu yangu tumeshakula. Huyu hajauma hata kitu."

Nilimshika Salima mkono bila kujua.

"Sasa juu ya nini hukusema?" Tonton aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Yaya, miaka yote hii. Juu ya nini?"

"Alikataza. Alisema, sema ni miye nimechoka. Bokilo ni mugeni ndani ya nyumba. Ingekuwa ni juu ya mutoto, weye na ile mudomo yako ungesimulia matanga yote: mutoto wa Bokilo alizuia Koko kuona ndugu yake. Ungemuita mutoto ya mukosi mpaka siku ya kuolewa." Akamtazama mdogo wake bila hasira. "Ni uongo?"

Tonton alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nami nilikuwa ninalia waziwazi sasa, sikujificha. Nilimfikiria Koko akiota jua pale stesheni, akiimba, anajua kila saa inayopita inampeleka wapi ndugu yake. Nilimfikiria huyu aliye mbele yangu, mwanamke mwenye mbio kuliko wote niliowajua, akiitwa mzembe mbele ya watu mwaka baada ya mwaka ili mwanangu aitwe Salima tu.

"Muache kulia," Mama Mukubwa alisema. "Munanichelewesha. Salima, kuja hapa."

Salima alipiga magoti kando ya kitanda. Mama Mukubwa aliomba maji, akanawa mikono, akaikausha polepole kwenye kitenge.

"Fungua kinywa."

Salima alifungua. Kidole kile kile, sasa kimepinda, kikapita juu, jino moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa taya, kikapita chini, bila haraka hata kidogo. Aligonga jino la nyuma kwa ukucha, akasikiliza.

"Yote iliota?"

"Yote, Mama Mukubwa."

Akatoa kidole, akaegemea mto, akamgeukia Tonton.

"Alors," akamwambia, "tulifika."